Friza Inaponyamaza
Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu kote nchini Kenya, jasho la mwezi mzima lilikuwa hatarini katika friza nyingi. Adui wa kwanza alikuwa pupa ya kufungua na kukagua. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Nyama yenye chembe za barafu yaweza kugandishwa tena. Iliyoyeyuka ingali baridi hupikwa papo hapo. Iliyopita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2 hutupwa, hata isiponuka. Wapwani, kabla ya umeme, walimpasua samaki, wakamtia chumvi, wakamwanika juani akawa ng'onda. Ujuzi huo usizikwe pamoja na wazee waliobaki nao.