Mama Anayekuja Alfajiri



Katika Misa ya shukrani ya mavuno, watoto wa Utoto Mtakatifu walileta matoleo yao: mahindi, maboga, na sungura wawili wadogo ndani ya kikapu. Tuliambiwa kwamba wote wawili ni majike. Sikuwa na hoja ya kubisha, kwani seminarini tulifundishwa falsafa na teolojia, si kutambua jinsia ya sungura. Tukawaweka katika banda moja nyuma ya nyumba ya mapadre, nami nikajitwalia kazi ya kuwapelekea majani kila siku baada ya Masifu ya Asubuhi.

Miezi minne baadaye, asubuhi moja, nilikuta kona ya banda imejaa manyoya, nikadhani wamepigana. Nilipoyafunua nikaona vitoto saba vyekundu, vitupu, macho yamefumba. Kumbe mmoja wa "majike" wetu alikuwa dume! Mpishi wetu alicheka hata akaketi chini.

Mimi sikucheka muda mrefu, kwa maana mama yao alinitia mashaka. Alikaa upande wa pili wa banda akitafuna majani, kana kwamba vitoto vile havimhusu. Nilirudi saa nne, saa saba na saa kumi. Hakuvisogelea hata mara moja. Ilipofika jioni nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu: amevitelekeza. Nikavitia katika boksi, nikavipeleka jikoni, nikapasha moto maziwa ya ng'ombe na kuvinywesha kwa bomba la sindano, tone baada ya tone. Nilijiona Msamaria mwema. Usiku ule viwili vilinifia mkononi.

Kulipopambazuka nilimpigia simu bwana mifugo. Akaniuliza swali moja tu: "Baba Paroko, kabla ya kuvitoa, ulitazama matumbo yake?" Sikuwa nimetazama. Akanieleza kwamba sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, tena kwa dakika chache, mara nyingi usiku au alfajiri. Saa nyingine zote hukaa mbali kwa makusudi, ili asiwaonyeshe maadui mahali walipo watoto wake. Kitoto chenye tumbo la mviringo kimeshiba. Yale manyoya niliyodhani ni ya ugomvi, mama alikuwa ameyanyofoa mwilini mwake mwenyewe ili awatandikie wanawe. Akaniagiza nivirudishe mara moja, na dume nilihamishe siku ileile, kwa kuwa sungura jike aweza kupata mimba tena siku hiyohiyo aliyozaa.

Nilitii. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilisimama karibu na banda, tochi yangu nimeifunika kwa kiganja. Mama akaruka kwenye kiota, akasimama juu ya vitoto vitano vilivyosalia, navyo vikalala chali na kunyonya kwa nguvu. Baada ya dakika tatu au nne akatoka, akarudi kwenye kona yake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Alikuwa amenijia mara tatu kuombea ubatizo wa mjukuu wake. Mama wa mtoto hajaolewa, naye yuko mjini akifanya kazi za ndani. Mara ya tatu nilimjibu: "Mama yake aje mwenyewe. Aliyemtelekeza mwanawe atamleaje katika imani?" Bibi hakujibu. Alikaza kitenge chake, akaondoka.

Nilidhani naitetea sakramenti. Lakini kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa yadai ridhaa ya walau mzazi mmoja, au ya anayeshika nafasi yake kihalali, pamoja na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo lilisimama mbele yangu mara tatu, rozari mkononi, nami nikalirudisha nyumbani. Mwezi Mei 2013, Baba Mtakatifu Fransisko alieleza katika mahubiri yake habari ya msichana mzazi anayefika parokiani kuomba ubatizo wa mtoto, akakuta mlango umefungwa. Mahubiri hayo niliyasoma, nikayasifu, nikadhani yawahusu mapadre wengine.

Siku ileile nilikwenda nyumbani kwa bibi. Alinionyesha simu yake: kila mwisho wa mwezi, ujumbe wa fedha kutoka kwa binti. Akanionyesha viatu vya mtoto, na daftari la kliniki. Binti huja kwa basi la usiku kila apatapo siku ya mapumziko. Hufika kabla ya mapambazuko, na jioni huondoka. Majirani wengi hawamwoni. Bibi akaniambia kwa upole: "Baba, uliniuliza mama yuko wapi. Hukuniuliza huja lini."

Nilimwomba radhi. Majuma matatu baadaye mtoto alibatizwa. Mama yake aliketi benchi la mbele, mkoba wa safari miguuni pake, naye alinipa mkono kabla sijamwomba radhi na yeye.

Katika sura ya 49 ya kitabu cha Isaya, Mungu anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. Zamani nililisoma swali hilo kama onyo kwa akina mama. Sasa laniogopesha mimi, niliyemhesabia mama usahaulifu asiokuwa nao.

Vitoto vitano vyaendelea vizuri. Macho yalifunguka siku ya kumi, na sasa vyala majani. Vile viwili nilivizika chini ya mwembe. Juma hili, ndugu yangu, mfikirie mtu mmoja uliyemhukumu kwa yale uliyoyaona mchana tu. Kisha nenda ukamwulize.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu