Takaungu, Siku ya Miaka Saba



 Juma hili hatukuwaletea mas'ala wala tafsiri. Tunawasimulia safari ya siku moja, kutoka Mji wa Kale, Mombasa, hadi Takaungu, na sababu iliyotupeleka huko.

Mjukuu wetu alizaliwa Julai 2013, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya 1434. Tangu alipoanza kufahamu maneno tulimuahidi kuwa siku atakayotimiza miaka saba tutamshika mkono, tumpeleke msikitini, naye asimame katika safu kama mwenye sala yake. Alikuwa amekwisha kuja mara nyingi, lakini alikuja kama mtoto anayefuata kanzu ya babu yake. Saba ni umri mwingine. Mtume wetu (S.A.W.) ametuagiza tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka hiyo, na mtoto huyu aliihesabu kwa vidole.

Kwa hesabu ya mwezi, saba yake ilitimia Ramadhani ya mwaka 2020. Nyote mnaijua Ramadhani hiyo ilivyokuwa. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale nao ukafungwa, asiingie mtu wala asitoke, hadi mwanzoni mwa Juni. Tarawehe tulisali sebuleni, na Idi tukaisali ukumbini baina ya kabati na mtungi wa maji. Mtoto hakulalamika. Alingoja.

Tarehe 7 Julai njia za kutoka Mombasa zilifunguliwa, na habari ikaja kuwa misikiti itafunguliwa kwa masharti: wasizidi watu 100, isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au waliopindukia 58 wabaki majumbani. Sisi umri wetu ulikuwa bado waruhusu. Yeye alisikiliza habari ile hadi mwisho, kisha akatuuliza, "Babu, kwani sisi watoto tumekosa nini?"

Tumefundisha miaka mingi, na maswali ya wanafunzi hayatutishi. Hilo lilitunyamazisha.

Usiku ule mamake, binti yetu, alitujia. "Baba, Jumamosi anatimiza saba kwa tarehe za kizungu. Naomba ruhusa nimfanyie siku yake, nje, pamoja na wenzake."

Tulisita. Wasomaji wetu wa zamani wanaujua msimamo wetu katika jambo hili la kusherehekea siku za kuzaliwa. Wanazuoni wamehitilafiana, na sisi tumekuwa upande wa wanaotahadharisha, kwa kuchelea kuiga yasiyo yetu na kuchelea israfu. Tulianza kumweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kufunga Jumatatu alitaja kuwa ndiyo siku aliyozaliwa, basi shukrani yake ilikuwa ibada.

Alitusikiliza kwa adabu hadi tukamaliza. Kisha akasema, "Baba, siombi mishumaa wala nyimbo. Naomba mtoto acheke na wenzake. Miezi minne hajacheka nao."

Hatukuwa na jawabu. Na tukakumbuka kuwa katika miezi hiyo yeye ndiye aliyekuwa chuo, shule na msikiti wa mtoto huyu. Juzuu Amma alimsomesha jikoni huku akikuna nazi. Udhu alimfundisha kwa kopo. Sisi tulipokuwa tukihuzunikia mimbari zilizo tupu, wanawake wa nyumba zetu walikuwa wakiendesha madrasa, na hakuna aliyewaita walimu.

Basi Jumamosi tukatoka, magari mawili ya jamaa, na wenzake watatu wa chuoni kwa idhini ya wazazi wao. Tuliwaomba wazazi wasilete zawadi. Baba wa mmoja wao alikuwa akifanya kazi hotelini, na hoteli zilikuwa zimefungwa. Hatukutaka furaha ya mtoto wetu iwe mzigo kwa nyumba ya mwenzake.

Tulivuka daraja la Nyali, kisha la Mtwapa. Mpakani mwa kaunti, mahali ambapo juma moja nyuma tungerudishwa, tulipita na hakuna aliyetusimamisha. Watu wazima ndani ya gari walinyamaza kidogo. Watoto walibandika nyuso zao vioo vya madirisha. Tulipofika mashamba ya katani ya Vipingo, mistari kwa mistari hadi macho yanapokoma, mmoja akauliza mananasi yote yale ni ya nani. Tulicheka, barakoa zetu zikacheza usoni.

Takaungu iko kusini ya mji wa Kilifi. Unaiacha barabara kuu, unashika njia ya vumbi kuelekea baharini. Ni mji wa watu wa kale. Mazrui walihamia hapo Sayyid Said alipoitwaa Mombasa mwaka 1837, wengine wao wakaenda Gazi. Leo ni mji mtulivu, wa nyumba na misikiti, na mkono wa bahari unaoingia ndani baina ya mikoko. Shamba la jamaa zetu liko juu ya ukingo wake, lina minazi na mwembe mmoja mkubwa. Ulikuwa wakati wa kusi: upepo baridi, na maembe bado.

Magari yaliposimama watoto hawakushuka. Mmoja alichungulia nje, akauliza, "Tunaruhusiwa kukimbia?" Binti yetu akamwambia, "Kimbieni." Wallahi tumehudhuria maarusi mengi na khitma nyingi, lakini hatujapata kuona watu waliofurahi kwa neno moja kama wale. Waliteremka hadi kwenye maji yanayokupwa, wakafukuza kaa, wakarudi na matope hadi magotini.

Chakula kilikuwa samaki wa kupaka, mihogo ya nazi, kaimati na madafu. Badala ya keki, mamake alipika mkate wa kumimina. Kila mtoto alipewa sahani yake, kwa ajili ya maradhi. Sisi watu wa sinia moja jambo hilo lilituuma, lakini kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, na tuliamini sinia itarudi inshallah.

Alasiri ilipoingia mmoja wa watoto akauliza kama tutapunguza rakaa, kwa kuwa ni wasafiri. Tulifurahi kuwa hajasahau chuo, tukamfahamisha kuwa masafa yetu hayakufika marhala mbili. Kisha tukatandika mikeka chini ya mwembe, kwa nafasi baina ya mtu na mtu, tukamwambia mwenye siku yake aadhini. Kwa mtoto aliyekwisha kupambanua mambo inasihi.

Alisimama akaelekea kibla, akaziba masikio kwa vidole. Sauti ilianza ndogo, ikapanda. Alipofika mahali pa kuwaita watu waje kwenye sala, akaita salini majumbani mwenu. Ndivyo alivyokuwa akisikia katika simu ya mamake, zile adhana za nchi za Ghuba za miezi ya mwanzo wa maradhi. Aliita neno lile uwanjani, penye upepo, na juu yake hapana dari ila majani ya mwembe.

Hakuna aliyemkatiza. Mamake, safu ya nyuma, alijifunika uso kwa buibui. Mtoto mwenyewe alitambua, akageuka kututazama. Tukamwambia taratibu, "Sasa waite waje." Akageukia kibla tena, akawaita, akamaliza sawasawa.

Tulisali. Yeye alisimama ubavuni mwetu, na aliposujudu hakufungua jicho kuchungulia.

Tulirudi Mombasa mapema, kabla ya saa tatu ya kafyu. Njiani alilala, mchanga ungali nyweleni.

Ahadi ni deni, na deni letu siku ile tulikuwa hatujalilipa. Mlango wa msikiti ulikuwa bado haujamfungukia. Lakini wazazi wenzetu, msiache watoto wenu wadhani kuwa mlango huo ulifungwa kwa makosa yao. Waelezeni. Salini nao jamaa nyumbani, mtoto mmoja aadhini, mwengine akimu. Na mkijaaliwa nafasi, watoeni nje wakimbie, bila ya israfu. Nanyi mama zetu na binti zetu mliobeba chuo na msikiti jikoni miezi yote ile, Mwenyezi Mungu awalipe. Sisi tulichelewa kuliona.