Mtwara kwa Ndege: Usiicheke Hofu ya Mwenzio

Laazizi wangu ni mtu wa basi. Kwake, zaidi ya kilomita 550 za barabara kutoka Dar hadi Mtwara ni afadhali kuliko saa moja angani. Safari hii nikamshawishi tupande ndege, tena ya mchana, jua la utosi.

Tulipoipita Lindi ndege ikaanza kurukaruka kama daladala kwenye barabara ya mashimo. Mimi nikacheka. Kosa kubwa! Akauchomoa mkono wake kwenye wangu, akanuna mpaka tunatua.

Rubani alikuwa amesimama chini ya ngazi, nikamwomba amtoe hofu. "Dada," akamwambia, "jua likipasha ardhi, hewa ya moto hupanda juu, na ndege ikikatiza hapo lazima itikisike. Panda ya asubuhi, kabla ardhi haijachemka, na ukae usawa wa mabawa." Akaeleza kwamba wingu kubwa la radi huliona kwenye rada, akalikwepa kwa kilomita kama 37. Ila rada huonyesha mvua tu. Msukosuko wa hewa isiyo na wingu haionyeshi, hapo hutegemea taarifa za marubani waliotangulia. Ukimkuta, hupunguza mwendo na kuomba kubadili kimo. "Mabawa yameundwa yapinde bila kuvunjika. Anayeumia mara nyingi ni yule asiyefunga mkanda."

Mwenzangu akamshukuru yeye. Mimi, kimya!

Kesho yake tukaenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mchanga mweupe, minazi, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mvuvi mmoja mzee akatusimulia kusi na kaskazi, na Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuja na watu wa mabondeni huku wakaambiwa wahamie sehemu za juu. Kikatua Msumbiji. "Upepo hauchekwi, wanangu," akasema.

Mwenzangu akanitazama. Basi, pale pale mchangani nikamwomba radhi.

Tulirudi Dar kwa ndege ya asubuhi, viti vya usawa wa mabawa, mikanda imefungwa mwanzo hadi mwisho. Ilitikisika kidogo juu ya Rufiji. Sikucheka, nikampa mkono. Safari hii aliushika.