Hewa ya Hema Letu Ilikuwa Inaenda Wapi?

Wiki hii ni zamu yetu sisi wa Musaga kuandika. Tuko 9, wote tumetoka Kivu ya Kusini, wengine miaka mingi iliyopita, wengine juzi tu. Mara nyingi hapa tunasoma hadithi za watu waliofaulu. Sisi leo tunaandika juu ya kosa, kwa sababu tunajua wengine wenu mnataka kuanza kazi kama yetu, na hatupendi mrudie kosa lilelile.

Musaga iko mlimani, kusini mwa Bujumbura. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko: ukiwa mbele unaona nyumba ya ghorofa moja, ukizunguka chini unakuta kuna chumba kingine kimechimbwa ndani ya kilima. Sisi tunakiita kave. Kave yetu ina mlango mmoja, dirisha moja dogo la juu, na ukuta wa nyuma wote umeegemea udongo. Tuliipata kwa bei ndogo. Tulipoingia mara ya kwanza ilinuka kama nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Mmoja wetu akasema, "Hapa hata jiwe litaota." Tukacheka. Kumbe alisema kweli.

Kwa nini uyoga

Anayekaa kambini, kama Kavumu au Bwagiriza, anajua siku ya mgao. Sisi tuliochagua mji tunajitafutia. Shamba hatuna. Lakini uyoga hauombi shamba, unaomba kivuli, unyevu na majani makavu. Wanasema uyoga huu aina ya pleroti ulianza kulimwa Ujerumani wakati wa vita ya kwanza ya dunia, watu walipokosa chakula. Tuliposikia hivyo tukasema basi huu ni uyoga wetu, umezaliwa vitani kama sisi.

Tulichanga faranga 20 000 kila mtu. Mabua ya mpunga tulileta kutoka Gihanga, kule bonde la Imbo. Tuliyakata vipande vidogo, tukayaloweka usiku kucha, tukayapika kwa mvuke ndani ya pipa la lita 200, tukayapoza, tukayajaza kwenye mifuko pamoja na mbegu. Halafu tukasimamisha miti minne ya mikaratusi ndani ya kave na kuizungushia shitingi juu na pembeni. Hema ndani ya nyumba! Wote tuliowahi kulala chini ya shitingi tulijua kuifunga vizuri. Hewa haikupita hata kidogo.

Hiyo ilikuwa Novemba 2024, mvua imeshashika. Tulikuwa na mifuko 60. Baada ya wiki tatu, 41 ilikuwa imegeuka kijani.

Ile kijani ni kuvu. Na uyoga nao ni jamii ya kuvu, ni ndugu wa ukoo mmoja wanaogombea chakula kimoja. Ukimpa uyoga joto na unyevu, na huyo mwingine umempa. Mabua yasiyoiva vizuri yanampa kuvu nafasi ya kuanza, na maji yanayodondoka kutoka kwenye shitingi yanamsaidia kuendelea. Hata mifuko iliyopona ilitoa uyoga wa ajabu: miguu mirefu, kofia ndogo kama kifungo cha shati. Hiyo ni alama ya kukosa hewa safi. Uyoga unapumua kama mtu, unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Ukiufungia, unarefusha shingo kutafuta hewa.

Tukajifunza. Tulipika mabua muda mrefu zaidi. Kwa mafundi wa kompyuta mjini tukanunua feni ndogo ya volti 12 iliyotumika, tukaiunga na betri na paneli ndogo ya jua kwa sababu umeme unakatika ovyo. Feni tuliiweka juu ya hema, ivute hewa na kuitoa kwa tiyo. Chini, upande wa pili, tulikata matundu na kuyafunika kwa wavu wa mbu ili nzi wasiingie. Hewa safi inaingia chini, hewa nzito yenye unyevu inatoka juu. Mzunguko wa pili, katika mifuko 60 tulipoteza 6 tu. Kofia zilikuwa pana kama kiganja. Tuliuza kwa mama wa mgahawa, tukauza kwa majirani, mmoja wetu akalipa minervali yake. Tulipiga picha nyingi. Labda mliziona.

Kitu ambacho picha hazikuonyesha ni mwisho wa ile tiyo. Iliishia kwenye koridori, pale penye ngazi ya kwenda juu.

Mama wa juu

Juu yetu anakaa mama mmoja na watoto wake watatu. Ni mkimbizi kama sisi, ametutangulia. Ndiye aliyetuombea chumba kwa mwenye nyumba. Siku moja ya Januari alishuka asubuhi, kitenge kimefungwa kifuani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakugomba. Alisema tu:

"Wanangu, mtoto halali. Tangu mwanzishe kazi yenu, mtoto halali."

Mdogo wake wa mwisho ana miaka minne. Alikuwa anakohoa usiku na kifua kinapiga filimbi. Mama alimpeleka kituo cha afya, na muuguzi, kabla hata ya kuandika dawa, alimuuliza: "Ukuta wa mnapolala ukoje?" Mama akaja kutuuliza sisi.

Tulipanda kuangalia. Nyuma ya kitanda cha watoto kulikuwa na madoa meusi yamepanda ukutani hadi usawa wa bega. Kweli madoa mengine yalikuwepo zamani. Lakini yale ya karibu na ngazi yalikuwa mapya.

Usiku ule tuligombana, lazima tuseme. Mmoja alisema mtoto alikuwa anakohoa hata kabla yetu. Mwingine akasema nyumba zote za Musaga zina kuvu wakati wa mvua, kwa nini tulaumiwe sisi? Mwingine alikuwa na minervali ya muhula wa pili kwenye mifuko ile. Hakuna aliyesema uongo. Lakini dada yetu mmoja, ambaye huwa hasemi sana, akauliza: "Hewa ya hema letu inaenda wapi?" Tukanyamaza. Tulikuwa tumeondoa unyevu kwenye uyoga wetu, tukaupeleka kwenye kitanda cha mtoto wa mtu.

Sisi tunajua maana ya kukimbia nyumba kwa sababu ya faida ya mwingine. Hatukuhitaji mhadhara. Tulizima feni, tukatoa mifuko yote nje, tukasimama wiki sita.

Tulichogundua

Wiki sita hizo ndizo zilitufundisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, OMS, wa mwaka 2009 unasema wazi: wanaokaa kwenye nyumba zenye unyevu na kuvu wako kwenye hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua na pumu. Na uyoga wenyewe unatupa vumbi la mbegu zake hewani, hasa ukiachwa ukomae hadi kofia inyooke. Vumbi hilo linakohoza hata sisi tunaovuna. Kwa hiyo koridori ilikuwa inapata vitu viwili: unyevu, na vumbi.

Kwanza tulitaka kujua hewa inatembea vipi. Tuliwasha udi, tukaushika karibu na mlango, dirisha, ngazi. Moshi haukwenda dirishani hata kidogo. Ulipanda ngazi moja kwa moja kama mgeni anayejua njia. Hewa ya joto inapanda, na ngazi ilikuwa bomba lake.

Pili, tulitaka kujua maji yanatoka wapi. Tulibandika vipande vya nailoni vya upana wa kitabu ukutani kwa gundi ya karatasi, pande zote nne, tukaviacha siku mbili. Ukikuta maji mbele ya nailoni, upande wa chumba, basi ni mvuke wa hewa unaogeuka maji kwenye ukuta baridi. Hapo kupitisha hewa kutasaidia. Ukikuta maji nyuma yake, basi ukuta wenyewe unavuja, na feni hata kumi hazitatosha. Sisi tulikuta yote mawili. Ukuta wa nyuma ulikuwa na maji nyuma ya nailoni. Tukatoka nje kwenye mvua kuangalia: maji yote ya bati yalikuwa yanamwagika juu, kwenye mguu wa ukuta ule.

Tatu, tuligundua kwamba tulikuwa tunafungua dirisha saa mbaya. Tulidhani mchana, jua likiwaka, ndipo chumba kinakauka. Lakini hewa ya mchana wakati wa mvua ni ya joto na imebeba maji mengi, na upepo wa mchana unatoka ziwani. Ikiingia kwenye kave baridi inatua mzigo wake ukutani, kama soda baridi inavyotoa jasho mezani. Usiku upepo unageuka, unashuka kutoka milimani kwenda Tanganyika, nao ni wa baridi zaidi na umebeba maji machache. Huo ndio wa kukaribisha.

Tulichofanya

Tuliongea na mwenye nyumba. Hakutoa pesa, lakini alitupa ruhusa. Tulifunga mfereji wa bati la kuokota chini ya paa, tukachimba mtaro nyuma ya nyumba, tukaujaza mawe ili maji yapite pembeni. Kazi hiyo ilichukua siku nne na majembe mawili. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, fanya hiki kabla ya kununua feni.

Ndani, juu na chini, tulikwangua rangi iliyovimba, tukaosha madoa kwa maji na javeli, milango wazi, vitambaa puani, watoto wakiwa mbali. Javeli msiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa gesi ya hatari. Tulisubiri ukuta ukauke ndipo tukapaka chokaa. Kupaka juu ya unyevu ni kuficha tu, mwezi ujao madoa yanarudi.

Hema tulilisogeza sentimita 50 kutoka ukutani, tukaliinua juu ya matofali. Tiyo tuliipitisha dirishani mpaka nje, mdomo umeinamishwa chini ili mvua isiingie, na upande usio na dirisha la mtu. Feni inavuta badala ya kusukuma. Ikivuta, hema linabonyea kidogo kwa ndani, maana yake hewa ya chumba inaingia hemani na vumbi halitoki kuja kwetu. Hema likivimba kama puto, zima, kuna kitu kimeziba. Mlango wa ngazi tuliubana kwa mpira wa tairi la zamani. Na uyoga tunavuna mapema, kabla kofia haijanyooka.

Mwisho, tulipunguza mifuko ikawa 30. Hii ndiyo iliuma. Kave yetu inaweza kubeba unyevu wa mifuko 30 tu.

Februari

Kabla hatujamaliza, Februari 2025, vita ilifika Bukavu. Makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi kuingia Burundi, wengi wakalala uwanjani Rugombo. Ndugu zetu watano walitufikia Musaga. Walilala wapi? Kwenye kave. Mifuko ilikuwa nje, chumba kilikuwa kimeoshwa, kina chokaa, na feni tuliyoinunua kwa ajili ya uyoga ikawa inavuta pumzi ya watu. Watu watano wakilala chumba kimoja wanatoa maji mengi kwa kupumua tu. Tuliwaambia magodoro yasiguse ukuta, nguo zianikwe nje, na dirisha liwe wazi usiku, lina wavu. Mgeni mmoja, baba mtu mzima, alitutazama tukijaribu moshi wa udi akauliza kama tunafanya uganga.

Walipopata pa kwenda, tulirudisha mifuko 30. Mtoto wa mama wa juu sasa analala. Hatuwezi kusema ni kazi yetu tu, kwa sababu mvua nayo iliisha na dawa alipewa. Mvua ikirudi tutajua vizuri zaidi. Mama ana ruhusa ya kuzima feni na kutuamsha saa yoyote, na nailoni moja imebaki ukutani kwake. Kila Jumapili mmoja wetu anapanda kuiangalia.

Kwa vijana wenzetu: kabla ya kuanza kazi ndani ya nyumba, fuateni hewa hadi mwisho wake, muone iko kwa nani. Kwa nyinyi wa mashirika, ambao mnatusaidia na tunawashukuru: mkituletea mradi mnatuuliza tutauza kiasi gani. Ni swali zuri. Ongezeni moja tu: ni nani analala chumba cha jirani?

Anayetaka kujifunza mtaro, nailoni au feni, aje Musaga. Uyoga upo, na chai haikosi.