Safari ya minara ya taa

Najua mnaninung'unikia, miezi miwili sijaandika kitu hapa. Zamu za usiku zimeniandama, nikirudi nyumbani ni kuanguka kitandani tu. Leo nina habari, na aliyeyaanzisha yote ni Baba.

Wale wa Chukwani mnajua macho ya Baba yanavyokwenda. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mie kila nikipiga simu namwambia, "Baba, nenda hospitali, ni operesheni ndogo, huku wazee wanafanyiwa asubuhi na jioni wako kwao." Yeye hunibadilishia maneno. Mwezi uliopita akaniuliza, "Huko mliko kuna bahari?" Nikamwambia Brussels hakuna, lakini pwani iko kama kilomita 115 tu. "Basi kuna minara ya taa. Inapiga vipi?"

Nikanyamaza. Miaka yote hii Ubelgiji na sijui! Mtoto wa nahodha, niliyelala kila usiku nikiiona taa ya Chumbe kule baharini (ule mnara ni wa mwaka 1904, wangapi mnajua?). Akasema, "Niletee hesabu ya taa za huko, halafu tutazungumza hayo ya hospitali." Jamani, mzee ananifanyia biashara!

Basi nimekubali. Jumamosi ya katikati ya Septemba nina mapumziko ya siku mbili, na kigari changu kikuukuu kimepita ukaguzi. Pwani yote ya Ubelgiji haifiki kilomita 70, kuna tramu inayoipita kuanzia De Panne hadi Knokke. Lakini taa zinaonekana usiku, kwa hiyo nataka gari, niende kwa kujipangia mwenyewe.

Mpango ni huu. Asubuhi naanza Oostduinkerke. Huko kuna wavuvi wanaovua kamba wadogo wakiwa juu ya farasi! Farasi wakubwa, wanaingia majini mpaka kifuani huku wanakokota wavu. UNESCO iliwaweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2013. Wanavua maji yakipwa, kwa hiyo imebidi nitafute ratiba ya kupwa na kujaa. Nilicheka peke yangu, maana nyumbani hesabu hiyo Baba alikuwa anaitazama mwezini. Halafu Nieuwpoort, mnara mwekundu na mweupe, taa yake nyekundu inapiga mara mbili. Oostende tunalala. Jumapili ni Blankenberge, ambao Wajerumani waliulipua mwaka 1944 ukajengwa upya, kisha Heist kwenye minara miwili ya mwaka 1907 isiyowaka tena.

Nimesema tunalala, maana nina mwenzangu. Ni shoga yangu wa kazini, Mkongomani wa Bukavu. Kiswahili chake na changu hugombana mpaka wagonjwa wanadhani tunapigana, he he. Alifurahi sana, akaanza kupanga vyakula. Nilipotaja Oostende akabadilika uso. "Dada, ule mzee miye siwezi enda kumuangalia."

Mzee mwenyewe ni Mfalme Leopold wa Pili. Pale ufukweni Oostende kuna sanamu yake kubwa ya mwaka 1931, yuko juu ya farasi, na chini yake Wakongo wa shaba wanamshukuru. Huyu ndiye aliyeifanya Kongo mali yake binafsi, 1885 mpaka 1908, watu wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mwaka 2004 watu fulani walikwenda wakaukata mkono wa mmoja wa wale Wakongo wa sanamu, ili ukumbushe ile mikono.

Nikasema basi, tutapita njia nyingine. Lakini usiku nikasoma zaidi, na kilichonikosesha usingizi ni maandishi yaliyopo pale. Yanasema Wakongo wanamshukuru mfalme kwa kuwaokoa na utumwa wa Waarabu. Waarabu gani hao? Ni sisi! Ni misafara iliyotoka Unguja, ni akina Tippu Tip, ambaye nyumba yake ipo Shangani na tulikuwa tunaipita kila siku. Na mwaka 1887 Leopold huyo huyo alimpa Tippu Tip ugavana kule Stanley Falls. Mkombozi na waliyekombolewa naye walikuwa wakilipana mshahara.

Zamu iliyofuata nikamweleza. Niliogopa, sitaki uongo. Nilidhani ataninunia. Akakaa kimya, akamalizia kutandika kitanda, akasema, "Na hii Kiswahili yetu, unafikiri ilifikaka Kongo kwa ndege?" Tukacheka, lakini si kicheko cha furaha. Sikujua niseme nini. Nikamwambia pole, neno dogo mno kwa jambo lile. Akaitikia asante.

Juzi akaniambia atakuja. Kwenye sanamu tutasimama wote wawili, au hatutasimama kabisa, ataamua yeye tukifika. Lakini taa ataiona, kwa sababu taa haikumkosea mtu.

Mnara wa Oostende wanauita Lange Nelle, mweupe wenye mawimbi ya buluu, mrefu zaidi ya mita 50. Unapiga mara tatu kila sekunde kumi. Jua litazama kama saa 2 usiku, kwa hiyo saa 3 yetu, saa 4 yenu, nitampigia Baba. Nilitaka kumtumia video akakataa: "Picha sioni. Nihesabie." Basi nitasimama ufukweni na baridi yangu nimhesabie: moja, mbili, tatu, kiza. Moja, mbili, tatu, kiza. Naye atafumba macho aione.

Kaka, wewe uliye karibu naye, usiku huo simu yake iwe na chaji. Na Jumatatu yake umshike mkono umpeleke kliniki ya macho. Nahodha haendi kinyume na neno lake, mashahidi ni nyinyi wote mnaosoma hapa!

Niombeeni barabarani, huku anayetokea kulia ndiye anayepita kwanza na mie bado naogopa. Picha zitafuata inshallah.

Nawapenda. Msalimieni Bibi.