Magunia Hayakushushwa

Watu wa Maore wanajua kwamba kuna Noah iliwahi kudondoka gerejini kwangu. Wanajua pia, maana niliyasambaza mwenyewe, kwamba kijana niliyekuwa namfundisha kazi alikosea kutega mikono ya lifti. Huo ni uongo, na uongo huo ni wangu.

Huku tambarare mvua ikikolea, shimo la gereji hugeuka kisima. Nikachoka nalo, nikanunua lifti ya nguzo mbili, ya tani nne. Kwenye kuichagua sikufanya mchezo. Nilitafuta yenye mota ya fezi moja, ndio umeme nilionao. Sakafu ya zamani ilikuwa ya kulipua. Nikaivunja, nikamwaga zege nene, nikaliacha likomae siku 28 ndipo nikafunga bolti za nguzo. Mafundi wa Ndungu na Kisiwani walikuja kuitazama. Kichwa kikavimba.

Noah hiyo ilikuwa imeshuka na tangawizi kutoka Mamba Miamba, injini ikanoki. Siti za nyuma zimekunjwa, magunia yamejaa hadi kwenye mlango. Kazi yetu ilikuwa kuteremsha injini na gia boksi kwa pamoja. Kijana akauliza, "Bosi, tusishushe kwanza magunia?" Nikamcheka. Gari na mzigo wake wote havifiki tani tatu, lifti ni ya tani nne, hesabu umesomea wapi?

Asiyejua hesabu alikuwa mimi. Zile tani nne ni za mzigo uliokaa sawasawa kati ya mikono. Injini ya Noah iko mbele. Ukiitoa pamoja na gia boksi, pua inabaki nyepesi, na tangawizi yote iko nyuma ya mikono. Bolti ya mwisho ya maunti ilipoachia, injini ikabaki kwenye meza yake na pua ya gari ikaanza kunyanyuka, polepole kabisa. Pedi za mbele zikabaki hewani. Gari likaegemea zile za nyuma, likateleza, kitako kikapiga sakafu. Kijana aliruka. Mimi nilikuwa mlangoni natoa maelekezo.

Kufuli za nguzo zilishika, zege halikupata hata ufa. Kila nilichonunua kilifanya kazi yake. Tungeshusha magunia, au tungeweka stendi ndefu chini ya kitako cha gari, yasingetokea. Yote mawili nilikuwa nayajua tangu nikiwa mwanagenzi. Niliona aibu kuelekezwa na mtoto mbele ya mwenye gari.

Mwenye gari alipofoka nikamwonyesha kijana. Nikamkata mshahara kufidia bampa na mlango wa nyuma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kumfundisha na kumlinda mfanyakazi, mimi nilimlipisha. Hakubishana. Mwisho wa mwezi alifunga mabegi akaenda Same mjini, na huko jina la mwangusha magari likamfuata, nikalisikia na nikanyamaza.

Fedha zake nimemrudishia. Alipokea, akaniuliza kama mwenye Noah nimeshamwambia. Bado. Anakuja Jumamosi kubadilisha oili, na nimemwomba kijana awepo.