Njia ya Nyumbani

Majira ya baridi yaliyopita tuliwapeleka wajukuu wetu Slimbridge, karibu na mto Severn, kwenye kituo cha kufundishia maisha ya ndege wa maji kilichoasisiwa na Peter Scott mwaka 1946. Sisi tuliozeekea mbele ya ubao tulidhani tunawasindikiza watoto tu.

Jioni alitoka mfanyakazi akisukuma toroli la nafaka, ndege wakamzonga. Akatueleza kwamba batamaji wa Bewick hufika hapo kila mwaka kutoka kaskazini kabisa ya Urusi, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000. Tangu mwaka 1964 watumishi wa kituo huwatambua mmoja mmoja kwa michoro ya manjano na nyeusi ya midomo yao, na huwapa majina. Makinda hujifunza njia kwa kuruka pamoja na wazazi wao.

Hapo mjukuu wetu akauliza, kwa Kiingereza maana Kiswahili hakimtoki: "Babu, sisi mtatupeleka Tanga lini?"

Tulinyamaza. Huu ni mwaka wa kumi na mbili tunajibu "mwakani". Nauli ni ghali, hatukatai. Lakini katika miaka hiyo makochi tumeyabadilisha mara mbili.

Mtoto hana kosa akipotea njia asiyoonyeshwa. Tumeanza kuweka akiba, na kila jioni mezani petu sasa ni Kiswahili. Je, wenzetu, nanyi mmewaonyesha wenu?